Moyo Haungoji Kafyu Iishe

Jioni ya tarehe 12 Juni 2021, wapenzi wengi wa kandanda hapa Pwani tulikuwa mbele ya runinga tukitazama Denmark ikicheza na Finland mjini Copenhagen. Mashindano yale ya Ulaya yalikuwa yamesogezwa mbele mwaka mzima kwa sababu ya korona. Kabla ya mapumziko Christian Eriksen alianguka uwanjani peke yake, hakuguswa na mtu. Nahodha wake, Simon Kjær, alifika upesi. Madaktari wakaingia, kifua kikakandamizwa, mashine ya kushtua moyo ikatumika, na kabla hajatolewa uwanjani alikuwa ameshapata fahamu. Leo yuko hai, na baadaye alirudi kucheza katika ligi ya Uingereza.

Wengi wetu tulisema ni muujiza. Ni kweli kwamba uhai u mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini qadar yake siku ile ilipitia kwenye mikono ya watu waliojua la kufanya, na wakalifanya papo hapo bila kungoja ambulensi wala hospitali.

Katika mwaka ule na ule uliotangulia, watu wengi duniani walianguka vivyo hivyo wakiwa jikoni, chumbani au msalani, na hakuna mkono uliowafikia kwa wakati. Wengine hawakuwa na korona kabisa. Walikufa kwa moyo, katika siku ambazo kila mtu alikuwa akiangalia mapafu.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu korona imepita, barakoa tumezitupa, lakini somo hili hatujalishika. Huduma ya dharura ya moyo haianzi na ving'ora vya ambulensi. Inaanza na yule aliye karibu na mgonjwa: mke, mtoto, jirani, au mtu aliyeketi naye barazani. Korona ilipomtisha huyo wa karibu asiguse, na ikamtisha mgonjwa asitoke, watu walikufa. Na hofu hizo mbili zilikuwako kwetu kabla ya korona, na zingaliko hadi leo.

Bomba kuziba na umeme kukatika

Sisi huku tuna mazoea ya kuita yote "presha" au "ugonjwa wa moyo". Lakini yako mambo mawili tofauti, na kuyatofautisha kunasaidia kuokoa mtu.

La kwanza ni mshtuko wa moyo. Moyo nao una mishipa yake inayouletea damu. Mshipa mmoja ukiziba, ni kama bomba la maji nyumbani lililoziba: sehemu ya msuli wa moyo inakosa damu na kuanza kufa. Mgonjwa kwa kawaida yu macho na anaongea. Atasema anahisi uzito kifuani kama amewekewa gunia. Maumivu huenda kwenye mkono wa kushoto, bega, shingo, mgongo au taya. Jasho la baridi linamtoka, anapata kichefuchefu, pumzi inakuwa fupi. Wanawake, wazee na wenye ugonjwa wa sukari wanaweza wasipate yale maumivu makali. Wao huhisi uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu au kukosa pumzi. Ndipo tunaposema ni gesi, ni vidonda vya tumbo, au ni mahamri ya asubuhi yamemkaa vibaya.

La pili ni moyo kusimama. Hapa si bomba, ni umeme. Moyo hupiga kwa umeme wake wenyewe. Umeme huo ukivurugika, moyo hutetemeka tu badala ya kupiga, na damu haiendi popote. Mtu huanguka, ukimwita haitiki, na hapumui. Wakati mwingine hutoa pumzi za kukoroma, moja moja, kwa dakika chache. Wengi hudhani anapumua. Hiyo si pumzi ya kumtosha mtu kuishi. Ni dalili kwamba moyo umesimama.

Mshtuko wa moyo usiposhughulikiwa unaweza kuzaa moyo kusimama. Na moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita hivi. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila mashine ya kushtua, nafasi ya kupona hupungua kwa kati ya asilimia 7 na 10. Tumezoea kuambiana kwamba haraka haraka haina baraka. Kwa moyo uliosimama, baraka yote iko kwenye haraka.

Miji mikubwa ilivyozidiwa

Tuanze na kule korona ilikopiga mapema, kwa sababu wenzetu huko waliandika hesabu zao.

Kaskazini mwa Italia, katika mikoa minne ya Lombardia, yaani Lodi, Cremona, Pavia na Mantova, wahudumu wa dharura walihesabu watu waliosimama moyo nje ya hospitali katika siku 40 za kwanza za janga, kuanzia tarehe 21 Februari 2020. Walikuwa 362. Kipindi kama hicho mwaka 2019 walikuwa 229. Hilo ni ongezeko la asilimia 58.

Mjini Paris na vitongoji vyake, katika wiki sita za mwanzo wa kufungiwa ndani, idadi ya waliosimama moyo nje ya hospitali ilikuwa kama mara mbili ya miaka iliyotangulia. Waliotoka hospitali wakiwa hai walipungua kutoka asilimia 5.4 hadi 3.1.

New York ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Kati ya tarehe 1 Machi na 25 Aprili 2020, wahudumu wa ambulensi wa jiji hilo walijaribu kuwahuisha watu 3,989 waliosimama moyo. Kipindi kama hicho mwaka 2019 walikuwa 1,336. Siku ya Aprili 6 peke yake walikuwa 305. Mwaka 2019, karibu mmoja kati ya wanne mapigo yake yalirudi na kudumu. Mwaka 2020 ikawa kama mmoja kati ya kumi.

Kwa nini ikawa hivyo? Sababu ziko kadhaa, na zote zilikutana kwa wakati mmoja.

Kirusi chenyewe kilihusika. Korona hukata oksijeni, hugandisha damu na huweza kuuvimbisha msuli wa moyo. Lakini kule Paris watafiti walikadiria kwamba korona yenyewe ilieleza kama theluthi moja tu ya ongezeko lile. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka kwingine.

Sababu ya pili ni wagonjwa kuchelewa. Hospitali moja ya Hong Kong ilitazama wagonjwa wake wa mshtuko wa moyo mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 2020. Walikuwa wachache, saba tu, lakini habari yao inatisha. Kabla ya korona, mgonjwa wa kawaida alichukua kama dakika 82 tangu kuanza kuumwa hadi kukutana na mhudumu wa afya. Wakati wa korona ikawa dakika 318, yaani zaidi ya saa tano. Barabara zilikuwa zilezile na hospitali ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni mgonjwa kukaa nyumbani akiogopa.

Sababu ya tatu ni huduma yenyewe kuelemewa. New York kwa kawaida hupokea simu kama 4,000 kwa siku za kuomba msaada wa kitabibu. Mwisho wa Machi 2020 zilipita 6,000. Kila ambulensi ilipofika mlangoni, wahudumu walilazimika kwanza kuvaa barakoa nzito, miwani, glavu na joho. Kukandamiza kifua na kumpa mgonjwa pumzi kunaweza kurusha kirusi hewani, kwa hiyo mwongozo mpya ulisema watu wachache tu waingie chumbani, na vichujio viwekwe kwenye vifaa vya kupumulia. Yote hayo yalikuwa na haki yake, maana mhudumu naye ana watoto. Lakini kila pindo la joho lililofungwa lilikula sekunde. Mwezi wa Aprili wakaagizwa wasimpeleke hospitali mtu mzima aliyesimama moyo ikiwa mapigo yake hayakurudi palepale alipoanguka. Hospitali hazikuwa na pa kumweka.

Na huku kwetu

Sisi tulikuwa na ya kwetu. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Machi 27 ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku ileile tukaona picha za watu wakipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi kwenye feri ya Likoni, hata saa moja haijafika. Aprili 8 kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mei 6, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Misikiti ilikuwa imefungwa. Idi tuliswali majumbani.

Ambulensi na wahudumu wa afya waliruhusiwa kupita wakati wa kafyu. Lakini ruhusa iliyo kwenye karatasi na moyo wa mtu aliyeona virungu vya Likoni ni vitu viwili. Tukaongezea hofu ya karantini, ambayo mwanzoni watu walitozwa pesa. Tukaongezea zile picha za Aprili 2020 kutoka Siaya, za maiti aliyezikwa usiku na watu waliovaa mavazi meupe, bila jamaa kumsitiri kama ada inavyotaka. Kwa Mwislamu wa Pwani, kufa bila kuoshwa, bila sanda na bila kuswaliwa na watu wake ni jambo zito kuliko kifo chenyewe. Wazee wengi waliapa kwamba hospitali hawaendi.

Mtaani kwetu alikuwako mzee mmoja, fundi cherehani, mtu wa mzaha na watoto. Usiku mmoja wa kafyu alishikwa na kifua baada ya Isha. Mwanawe alitaka kumtoa. Mzee akamwambia, "Wacha, mwanangu. Ni upepo tu huu. Polisi wako barabarani, na huko hospitali ndiko kwenye maradhi yenyewe. Ngoja kupambazuke." Wakampa maji ya tangawizi, wakamkanda mgongo kwa mafuta. Muadhini alipoadhini alfajiri, mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Hakuwa na homa, hakuwa na kikohozi. Matangani tuliambiana ni presha, tukamwombea, tukaenda zetu. Yule kijana hadi leo huuliza kama angemnyanyua kwa nguvu.

Simlaumu. Hakuna aliyemfundisha kwamba uzito kifuani na jasho la baridi haviwezi kungoja alfajiri. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa hufanya kazi vizuri zaidi saa za mwanzo, na baada ya saa 12 faida yake huwa ndogo sana. Kuzibua mshipa kwa puto na kuweka kijibomba ni bora zaidi, lakini vituo vingi vya kazi hiyo nchini viko Nairobi. Kwa hiyo mtu wa Pwani ana sababu ya kuwahi kuliko hata mtu wa New York.

Hofu ya kugusa

Wakati wa korona watu waliulizana: mtu akianguka mbele yangu, nimguse? Je, nami nikiambukizwa?

Madaktari wa Seattle, Marekani, walilipigia hesabu swali hilo mwaka 2020. Waligundua kwamba kati ya waliosimama moyo katika eneo lao, wenye korona walikuwa chini ya asilimia 10. Wakakadiria kwamba raia wa kawaida wakikandamiza vifua vya watu 10,000, huenda mwokoaji mmoja akafa kwa korona. Na watu zaidi ya 300 ambao wangekufa wangeokolewa. Hayo yalikuwa makadirio ya siku zile, kabla ya chanjo.

Mwongozo wa kimataifa ukafuata njia hiyo. Haukusema watu waache. Ulisema: funika mdomo na pua ya mgonjwa kwa barakoa au kitambaa, nawe vaa yako, usimpe pumzi kwa mdomo ikiwa ni mtu mzima, na kandamiza kifua. Huku kwetu hakuna nyumba isiyo na leso, kikoi au kilemba. Kitambaa kile kinatosha.

La kufanya, hatua kwa hatua

Ikiwa mtu yu macho na ana dalili za mshtuko wa moyo:

1. Mketishe, aegemee ukuta, magoti yakunjwe. Asitembezwe, asipandishwe ngazi, asiendeshe gari mwenyewe.
2. Piga simu ya dharura: 999 au 112. Msalaba Mwekundu wana 1199. Huku unangoja, tafuta gari la jirani pia. Likitangulia, lichukue.
3. Kama hana mzio wa aspirini, hatapiki damu na hana vidonda vinavyovuja, mpe tembe ya miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima. Usimpe kama mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri. Hiyo ni dalili ya kiharusi, na aspirini inaweza kumdhuru.
4. Mpeleke hospitali yenye idara ya dharura, usianzie kwenye duka la dawa.

Ikiwa ameanguka, haitiki, na hapumui au anakoroma moja moja:

1. Paza sauti uite watu. Mmoja apige simu, aweke spika ili mikono yako ibaki huru.
2. Mlaze chali sakafuni, si kitandani. Godoro hunywesha nguvu zako zote.
3. Weka kiganja kimoja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha viwiko, kandamiza kwa uzito wa mwili wako. Kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiache kirudi juu kabisa.
4. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Hesabu kwa sauti.
5. Mkiwa wawili, pokezaneni kila dakika mbili, maana kazi hii inachosha na mtu aliyechoka hukandamiza juu juu.
6. Mashine ya kushtua moyo ikipatikana, iwashe na ufuate inavyokuelekeza kwa sauti. Haitampiga mtu umeme kama moyo wake hauhitaji.
7. Msiache mpaka apumue vizuri, au wahudumu wapokee.

Watoto na waliozama majini ni habari nyingine. Moyo wao mara nyingi husimama kwa kukosa pumzi, kwa hiyo wanahitaji pumzi pia: baada ya kila mikandamizo 30, pumzi mbili, ikiwa umefundishwa na uko tayari. Sisi tunaoishi na bahari, kutoka Vanga hadi Kiunga, tuna haja ya kujua hilo kuliko watu wa bara.

Maswali ya barazani

Mimi si daktari wala si shekhe. Lakini maswali haya huulizwa kila nikilizungumza jambo hili, na majibu yake wanaoyajua hawayafichi.

"Nikimvunja mbavu je?" Mbavu huvunjika wakati mwingine, hasa kwa wazee. Mbavu huunga. Aliyesimama moyo na akaachwa harudi.

"Ni mwanamke, naye si maharimu wangu. Nimguse?" Kanuni ya dharura katika sheria yetu inajulikana na maulamaa wote, nayo ni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri ya dharura ile. Kama yuko mwanamke anayejua kazi, naye atangulie. Kama hayuko, usimwache mama wa watu afe kwa haya. Leso inaweza kuachwa juu yake, mikono ikandamize juu ya nguo. Na sote tumeisikia mara nyingi mimbarini ile aya ya 32 ya Suratul Maida juu ya kuihuisha nafsi moja.

"Amefunga, tutampaje aspirini?" Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Hilo liko ndani ya Qur'ani, halina mjadala.

"Anakata roho, tumwelekeze kibla tumtamkishe." Hili ndilo gumu kulisema, kwa sababu ni sunna na ni mapenzi. Lakini zile pumzi za kukoroma tunazodhani ni sakarati, mara nyingi ndizo dakika ambazo mtu bado anaweza kurudi. Mmoja na atamke shahada sikioni mwake. Mwingine na awe juu ya kifua. Havipingani.

Kutoka nyumbani hadi hospitali

Hata ukifanya yote hayo, bado kuna safari. Kibokoni na Kuze, ambulensi haiingii kwenye vichochoro. Mgonjwa hutolewa kwa mikono hadi barabarani. Anayeishi Likoni au Mtongwe ana kivuko mbele yake, na usiku kivuko kinangojwa. Ndugu zetu wa visiwa vya Lamu wana bahari nzima. Haya si ya korona, ni ya kila siku, na yanatatulika kiasi kama nyumba na mtaa vina mpango: nani ana gari, nani ana boti, nani anajua kukandamiza, machela iko wapi. Mtaa ambao una machela moja ya jeneza msikitini unaweza kuwa na machela moja ya walio hai.

Na mkifika hospitali, jueni haki yenu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya, ibara ya pili, kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakariri hivyo. Maana yake ni kwamba huduma ya kwanza ya kumtuliza mgonjwa haingoji amana wala kadi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 nayo imeanzisha mfuko wa dharura, maradhi sugu na maututi. Tukikataliwa mlangoni na tukanyamaza, sheria hizo zitabaki karatasi. Andika jina la kituo, saa na jina la aliyekujibu, upeleke malalamiko kwa kaunti na kwa mwakilishi wako wa wadi.

Tunaloweza kuanza nalo

Korona ilipokuja, misikiti yetu ilijifunza kwa wiki chache mambo ambayo hakuna aliyedhani tungeyaweza. Tuliweka maji na sabuni milangoni, tukachora alama za umbali kwenye mikeka, tukapima watu joto. Kamati zilezile ziko. Watu walewale wako.

Ninachoomba si kikubwa. Kila kamati ya msikiti na kila madrasa ifanye mafunzo ya kukandamiza kifua mara moja kwa mwaka, kabla ya Ramadhani, wanaume siku yao na wanawake siku yao. Msalaba Mwekundu hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza, na wauguzi tunao katika kila mtaa. Darasa la kukandamiza linachukua saa mbili, na mto mgumu unatosha kwa mazoezi ya mwanzo. Vijana wa madrasa wa miaka 12 kwenda juu wanaweza kujifunza, na mara nyingi wao ndio wanaobaki nyumbani na nyanya.

Kwa serikali za kaunti zetu, ombi ni mashine za kushtua moyo mahali penye watu wengi: kivuko cha Likoni, soko la Kongowea, ufuo wa Pirates, viwanja vya michezo. Wafanyakazi wa feri na walinzi wa ufuo wafundishwe kuzitumia. Eriksen aliokolewa kwa sababu mashine ilikuwa hatua chache kutoka kwake. Na janga jingine likija, Mungu apishie mbali, tangazo la kafyu litoke pamoja na tangazo la pili, kwa Kiswahili na kwa sauti ileile, lenye namba ya simu ya usiku na amri kwa polisi: anayeumwa kifua apishwe njia.

Ijumaa hii, baada ya swala, muulize imamu wako ni nani katika safu ya mbele anayejua kukandamiza kifua mtu akianguka. Kama hakuna, mpate muuguzi mmoja wa mtaa wenu na mpange siku.